UZI: Jinsi ya kuipa dirii ya boksi au povu sura ya chuma kilichochakaa

#1 chuma_cha_boksi (Arusha)

Wakuu, salaam.

Kwaresima ikianza tu, vikundi vya maigizo makanisani huku kwetu Arusha na Moshi vinaingia kazini kutengeneza askari wa Kirumi kwa ajili ya Ijumaa Kuu. Vijana wanakata dirii vizuri, chapeo zinakaa kichwani, ngao zina kimo. Halafu siku ya mwisho kopo la silva linapulizwa juu ya kila kitu, na askari anatoka akimeta sawasawa kuanzia shingoni hadi kiunoni. Mtu wa benchi la nyuma anaona boksi lililopakwa rangi. Inaniuma, maana sehemu ngumu ilikuwa imeshafanyika. Kilichobaki ni kazi ya jioni moja, na vifaa vyake vingi viko nyumbani au kwa fundi wa jirani.

Msingi wa yote ni huu: chuma hakichakai kila mahali kwa namna moja. Kinang'aa panaposuguliwa, kinakuwa cheusi pasipofikiwa na mkono wala kitambaa, na kinashika kutu maji yanapotuama. Ukiyaweka hayo matatu mahali pake, hata boksi la kufungashia sabuni litasadikika.

Kwa hiyo kabla ya kwenda dukani, nenda kaangalie vyuma. Anza na jembe lililotoka shambani. Makali yake ni meupe, udongo umeyasugua mpaka yanaakisi mwanga. Ukipanda kuelekea mpini rangi inageuka kijivu, kisha kahawia, na pale kwenye jicho la jembe, ambapo udongo mbichi hujibana, kutu ni nene. Ukiwa Moshi, tazama reli pale stesheni: juu magurudumu yamepasugua pamekuwa peupe, ubavuni kahawia tupu. Tazama bati la zamani: kwanza zinki iliyopakwa juu inafifia kuwa kijivu, kutu inaanzia kwenye matundu ya misumari na kwenye ncha zilizokatwa, halafu mvua inaishusha kwa michirizi.

Na ninyi wa Arusha mna magereji yaliyojaa Land Rover za zamani. Paneli zake nyingi ni aloi ya alumini. Zinapondeka, zinakwaruzika, zinapauka, lakini kutu nyekundu hazina. Kutu utaikuta kwenye fremu ya chini, ambayo ni chuma. Hapo ndipo linapotoka swali ambalo watu wengi hawajiulizi: vazi langu ni la madini gani?

Dirii ile ya Kirumi ya mikanda inayopishana kifuani ilikuwa ya chuma, lakini bawaba na vifungo vyake vilikuwa vya shaba ya manjano. Mwaka 1964 huko Corbridge, kaskazini mwa Uingereza, lilifukuliwa sanduku lenye vipande vya dirii za namna hiyo, na vipande hivyo ndivyo vilivyowasaidia wataalamu kuelewa zilivyokuwa zikiunganishwa. Maana yake kwa mchoraji ni kwamba vazi moja lina madini mawili yanayozeeka tofauti. Chuma kinatoa kutu ya machungwa na kahawia. Shaba inafifia kuwa hudhurungi, na kwenye mikunjo inatoa ukijani. Ukipaka kutu nyekundu kwenye kifungo cha shaba, jicho linakataa hata kama mtazamaji hajui kwa nini.

Nitaendelea na hatua za rangi. Mwenye swali aulize, tusaidiane.

#2 mama_wa_pasua (Moshi)

Ubarikiwe ndugu. Sisi kikundi chetu cha vijana hatuna povu, tuna maboksi na magazeti tu. Je, itawezekana? Na ile rangi ya silva ya kupakia mageti inafaa au lazima ya kopo?

#3 chuma_cha_boksi

Dada, inawezekana kabisa. Boksi lina adui mmoja, ile mistari ya mawimbi ya ndani inayoonekana kwenye ncha na kwenye mikunjo. Chuma hakina mistari. Ziba ncha zote kwa vipande vya gazeti vilivyolowekwa kwenye uji wa unga wa ngano, au gundi nyeupe ya mbao iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu. Weka tabaka mbili tatu juu ya uso wote, acha ikauke kabisa, kisha piga msasa, anza na namba 120 umalizie na 240. Hapa msikimbie. Rangi ya metali haifichi kasoro, inazitangaza, kwa sababu kila kibonde kinarudisha mwanga upande wake.

Wenye povu (mikeka ile ya watoto ya kuunganisha, au povu wanalokatia ndala mafundi viatu) wao wana tatizo la vitundu. Povu linakunywa rangi. Pitisha hewa moto ya mashine ya mafundi juu yake mpaka uso ubadilike kidogo na kuwa laini. Draya ya saluni haina joto la kutosha. Kisha paka gundi ya mbao iliyolegezwa, tabaka tatu au zaidi, kila moja ikauke. Wakati povu bado lina joto, bonyeza mgongo wa kijiko hapa na pale. Alama za nyundo ya mhunzi hizo, na zinabaki hapo likipoa.

Tahadhari moja. Lile povu jeupe la punje linalokuja na televisheni msilipulizie rangi ya kopo moja kwa moja. Kiyeyushi chake kinalila mpaka linabaki mashimo. Likilazimika kutumika, livisheni magazeti na gundi kwanza.

Silva ya mageti inafaa, tena ni rahisi zaidi kwa vazi kubwa. Ndani yake kuna vipande vidogo sana vya alumini ambavyo huelea na kujilaza juu rangi inapokauka, ndiyo maana inameta. Ina mambo mawili ya kujua. Ukiishika sana inaacha vumbi la fedha mkononi, na ukiipaka vanishi juu mng'ao wake unapungua. Kwa kazi yetu hilo la pili ni msaada.

Lakini silva haianzi. Kinachoanza ni nyeusi.

#4 kijana_mbuyuni (Moshi)

Mkuu hapo kwenye nyeusi fafanua. Nilidhani unapaka silva halafu unachafua kwa nyeusi.

#5 chuma_cha_boksi

Zote mbili zinafanyika, ila kuanzia giza kwenda kwenye mwanga kunakupa kina ambacho kuchafua peke yake hakukupi.

Paka vazi lote rangi nyeusi isiyong'aa, mpaka ndani ya mikunjo na chini ya kila mkanda. Ikishakauka, chukua brashi ya zamani yenye nywele ngumu, chovya ncha tu kwenye silva, kisha ifute kwenye boksi chakavu mpaka ionekane kama haina rangi tena. Sasa pitisha juu ya vazi kwa wepesi, mkono ukienda na kurudi. Rangi itashika kwenye vinundu na kwenye kingo, mabondeni nyeusi itabaki. Rudia pale unapotaka pang'ae zaidi. Ukiona brashi inaacha mstari wa rangi, bado ina rangi nyingi, rudi ukaifute. Hii hatua ndiyo moyo wa kazi, na haina gharama isipokuwa subira.

Kuna njia nyingine ninayoipenda hata kuliko silva kwa dirii ya chuma kizito: risasi ya penseli. Nunua penseli laini za kuchorea, 6B au 8B, zisage kwenye msasa upate unga. Juu ya nyeusi isiyong'aa, sugua unga huo kwa kidole au kwa kitambaa cha pamba. Inatoka rangi ya chuma cha bunduki, yenye mng'ao wa chini unaobadilika mtu anapogeuka. Silva haiwezi kufanya hivyo. Ukisugua zaidi kwenye kingo panang'aa zaidi, kwa hiyo mkono wako unafanya kazi ile ile ambayo miaka ingeifanya. Baada ya hapo puliza vanishi nyembamba, la sivyo kila atakayemkumbatia askari ataondoka na madoa.

Naomba jambo moja hapa: msivunje betri za redio kutafuta unga mweusi. Wengi tumeona ubao wa shule ukipakwa unga wa betri, ndiyo maana wazo hili linarudi mara kwa mara. Ule unga sehemu kubwa ni manganizi dioksaidi, haung'ai, na haufai kuchezewa na watoto.

#6 mwalimu_wa_sanaa (Arusha)

Somo zuri. Naongeza upande wa historia. Wakati wa Pilato, yaani mwaka 26 hadi 36 BK, hakukuwa na legioni (kikosi kikubwa cha jeshi la Kirumi) iliyowekwa Yudea. Legioni zilikuwa Siria. Pilato alikuwa na askari wasaidizi walioandikishwa mikoani, na hao walivaa zaidi dirii ya pete za chuma zilizofumwa. Je, hiyo unaichakaza vipi?

#7 chuma_cha_boksi

Mwalimu, umenipa sababu ya kuandika hili, na kwa vikundi vingi ni habari njema, kwa sababu dirii ya pete ni rahisi kuliko ya mikanda. Nenda kwenye mitumba, Memorial kwa wa Moshi au Kilombero kwa wa Arusha, tafuta sweta nene lililofumwa kwa uzi mnene, lenye matundu yanayoonekana. Lililolegea ndilo zuri zaidi, uzito wake unalivuta chini kama pete zinavyofanya. Paka rangi nyeusi ya maji iliyochanganywa na gundi kidogo, lisiwe gumu kama ubao. Likikauka likiwa limetandazwa, pitisha brashi kavu yenye silva juu ya mafundo. Kwa umbali wa hatua kadhaa ni chuma. Acha makwapa na sehemu inayofunikwa na mkanda zibaki nyeusi, ng'arisha mabega na pindo la chini linalosuguana na mapaja.

Kutu kwenye pete iwe ndogo mno. Pete zinasuguana zenyewe kila mtu anapotembea, kwa hiyo zinajisafisha.

#8 mama_wa_pasua

Tumefika kwenye kutu sasa. Vijana wangu wanaitaka sana.

#9 chuma_cha_boksi

Haya, kutu. Hapa ndipo watu wanapozidisha, kwa hiyo nianze na kiasi. Askari aliye kazini husafisha vifaa vyake. Kutu yake iko kwenye maungio, chini ya vichwa vya ribiti (vile vipini vinavyounganisha vyuma), kwenye mstari ambapo mkanda mmoja unalala juu ya mwingine, na ndani ya ukingo wa chapeo jasho linapotulia. Katikati ya kifua hakuna kutu. Kama igizo lina maiti wa vitani au dirii iliyofukuliwa pangoni, hapo ongeza.

Rangi ya kutu mnayo tayari kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi. Redi oksaidi, ule unga wa sakafu, na ile rangi ya kwanza wanayopaka mafundi wa mageti, zote rangi yake inatokana na oksaidi ya chuma, na kutu yenyewe ni oksaidi ya chuma. Ngeu wanayojipaka Wamasai nayo ni udongo wenye oksaidi hiyo hiyo. Ikitumika peke yake, redi oksaidi inaelekea umaruni, haidanganyi mtu. Gawa mara tatu: ya kwanza iongezee nyeusi kidogo, hiyo ni kutu ya zamani, iende kwanza na ienee zaidi. Ya pili ibaki yenyewe, ndani ya eneo la ile ya kwanza. Ya tatu iongezee njano mpaka ikaribie machungwa, na hii iwe nukta chache tu za kutu mpya. Paka kwa kipande cha sponji la godoro kilichochanwa kwa mkono, si kwa brashi, na uwe unagonga badala ya kuburuta. Kingo za kutu hazinyooki.

Ukitaka kutu inayokwaruza vidole ukiigusa, kuna vitu viwili vya jikoni. Kahawa iliyokwisha kuchemshwa, ikaushwe juani, inyunyizwe juu ya gundi mbichi kisha ipakwe hizo rangi. Inatoa magamba makubwa. Mdalasini wa unga unatoa magamba madogo, na rangi yake imeshakaribia. Kwa Moshi sina haja ya kuwaelekeza kahawa inapatikana wapi.

Halafu kuna kutu ya kweli, kwa wenye muda. Nenda kwa fundi wa kuchomelea, muombe vumbi la chini ya grenda. Funga sumaku ya spika mbovu kwenye karatasi, ipitishe juu ya vumbi, chuma kitanasa na mchanga wa diski utabaki. Ukivua karatasi, chuma kinadondoka. Paka gundi ya mbao pale unapotaka kutu, nyunyiza vumbi la chuma juu, acha likauke. Kisha rashia siki iliyokorogwa na chumvi. Ndani ya saa chache inaanza kuwa machungwa, na ukirudia kulowesha na kukausha inazidi kukolea. Maji na hewa ndivyo vinavyofanya kazi, chumvi na siki vinaharakisha tu. Vaa barakoa na miwani unaposhika vumbi hilo, lina makali, na usiliweke upande wa shingo ya mvaaji. Siki msiikutanishe kamwe na jiki, mchanganyiko huo unatoa gesi ya klorini. Ukimaliza funga kwa vanishi isiyong'aa, maana kutu ya kweli inachafua kanzu nyeupe na haitoki.

#10 fundi_wa_njiro (Arusha)

Michirizi umeitaja kwenye bati. Kwenye dirii inafanywaje?

#11 chuma_cha_boksi

Asante kwa kunikumbusha. Kuna hatua kati ya silva na kutu ambayo niliiruka. Chukua rangi ya maji nyeusi na kahawia, izimue kwa maji mpaka iwe nyepesi kama chai ya rangi, ongeza tone la sabuni ya kuoshea vyombo ili isijikusanye matone. Paka sehemu moja ya vazi, hesabu kidogo, kisha futa kwa kitambaa ukielekea chini, kama mvua inavyoelekea. Kitambaa kinaondoa kwenye vinundu na kuacha kwenye mabonde na kuzunguka ribiti. Fanya eneo dogo dogo, ikikauka kabla hujafuta utaanza upya. Kwa mchirizi chini ya ribiti, tone moja la kutu iliyozimuliwa, livute kwa kidole chenye unyevu. Simamisha vazi wima kama litakavyovaliwa, si kulilaza mezani, ili uone chini ni wapi.

Ribiti zenyewe, kama hujaziweka, ni tone la gundi ya moto au nusu ya dengu iliyogundishwa kabla ya rangi yoyote.

Na kama ngao ina rangi nyekundu juu ya chuma, paka mafuta ya mgando madoa madogo kwenye kingo kabla ya kupaka nyekundu. Rangi ikikauka, futa. Nyekundu itabanduka hapo na metali itachungulia. Chumvi ya mawe inafanya vilevile ikibandikwa kwa unyevu.

#12 kijana_mbuyuni

Swali la mwisho kwangu mkuu. Masika. Pasaka inaangukia humo humo na huku mvua haituachi. Vitu vinakauka vipi? Na tunacheza nje, juani kama halipo wingu, jioni chini ya taa.

#13 chuma_cha_boksi

Pasaka huwa kati ya Machi 22 na Aprili 25, kwa hiyo masika hatuikwepi. Gundi na rangi za maji fanyeni mapema, Februari bado kuna jua. Rangi ya kupuliza msiitumie mvua inaponyesha au asubuhi ya ukungu, unyevu unafanya vanishi iwe na utando mweupe. Subiri saa za mchana, hewa ikiwa kavu kidogo, na pulizia barazani penye upepo, kamwe si chumbani.

Boksi likilowa limekwisha, hata likiwa na rangi nzuri kiasi gani. Pakeni vanishi ndani pia, upande wa mwili, kwa sababu jasho la mvaaji linaingia kutokea huko. Watu wanasahau upande huo kila mwaka.

Kuhusu mwanga: kwa jukwaa, ongezeni tofauti kati ya nyeusi na silva kuliko mnavyoona inafaa mkiwa mezani. Mtu aliye mbali hapati nusu ya mnachokiona ninyi. Taa za njano za jioni zinameza kutu ya machungwa, inaonekana kama ngozi tu, kwa hiyo kama onyesho ni la usiku ipelekeni kutu kwenye kahawia iliyokoza. Juani ni kinyume, silva inapiga macho, punguzeni kwa vanishi isiyong'aa na muache mng'ao kwenye kingo pekee. Livalisheni kwa mtu, asimame palepale atakapochezea, saa ile ile, nanyi mkae viti vya nyuma kabisa mtazame.

Kingo ziwe za mwisho. Baada ya kutu, vumbi na vanishi, chukua silva kidogo au penseli ya 6B yenyewe na upitishe kwenye ukingo wa kila mkanda, ncha ya pua ya chapeo, kitovu cha ngao, na mahali ala ya upanga inapogonga paja. Ni sehemu chache. Nyingine ziacheni.

#14 mama_wa_pasua

Na vumbi? Umesema vumbi hapo juu.

#15 chuma_cha_boksi

Udongo wa hapo hapo mnapochezea, dada. Ukaushe, uchuje kwa chujio la chai, changanya na maji yenye gundi kidogo sana, rashia pindo la chini la dirii, viatu, na robo ya chini ya ngao inapowekwa ardhini. Ukikauka, futa kwa kitambaa kikavu kwenye vinundu. Rangi ya udongo ifanane na ya uwanja, ndiyo maana nasema wa hapo hapo. Tumeni picha mkimaliza, hasa za nyuma ya dirii, nitawaambia kama kamba zinahitaji kupakwa pia.